Msimbo Uliokufa na Msimbo Uliolala

Mpwa wangu, zile karatasi ulizoniachia Jumapili, orodha ya msimbo unaodhaniwa hautumiki kwenye programu ya mishahara, nimezisoma zote, kurasa 11, mara mbili, na mara ya pili nikiwa na kalamu. Nimeona ulichoandika juu ya ukurasa wa kwanza: "Mjomba, nifute yote?" Nimeona pia mwandiko mwingine chini yake, wa mwenzako wa ofisini nadhani: "Achana nayo, haisumbui mtu."

Nimechoka, mwanangu, sitakuficha. Maneno haya nimeyarudia kwa vijana wengi mahali hapo ulipo sasa. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na programu hiyo ya mishahara niliilea miaka mingi kabla hujaikuta, kwa hiyo nitayasema tena, polepole. Swali lako nimewahi kulijibu haraka mara mbili maishani, mara moja kwa kufuta na mara moja kwa kuacha. Mara zote mbili waliolipa ni watu ambao hata neno msimbo hawakulijua.

Tuanze na hicho chombo kilichokutolea orodha hiyo, maana umekiamini kabla hujakielewa. Kinaitwa Vulture, na Jendrik Seipp aliyekiandika alikipa jina la tumbusi, ndege alaye mizoga. Sisi wa Eastlands tuna wenzake wa kazi hiyo, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoshinda juu ya taka za Dandora. Ndege hao hawakosei, kwa sababu mzoga huonekana. Msimbo uliokufa haujionyeshi hivyo. Ukiutazama unafanana kabisa na msimbo uliolala, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Chombo hiki hakiendeshi programu yako hata mara moja. Kinafungua kila faili na kuuchambua msimbo kama mwalimu anavyochanganua sentensi ubaoni. Kinaorodhesha majina yote yaliyozaliwa humo, ya fanksheni, ya klasi, ya vigeu. Kisha kinaorodhesha majina yote yaliyotajwa au kuitwa mahali popote. Orodha ya pili inatolewa kwenye ya kwanza, na yaliyobaki ndiyo yaliyojaza kurasa zako 11. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili, imefanywa kwa uaminifu na kwa kasi ambayo wewe na mimi hatuwezi. Namheshimu sana mtu aliyenipa hesabu hiyo bure. Lakini hesabu ya majina ina upofu wake, na upofu huo una pande mbili.

Upande wa kwanza, inapitisha maiti. Chukua fanksheni mbili zinazoitana zenyewe kwa zenyewe, nyingine yoyote isiziite. Ni kama wapangaji wawili wanaobishiana hodi kila asubuhi ndani ya ploti ambayo lango lake halijafunguliwa miaka kumi. Vulture kinasikia hodi, kinasema kuna watu. Wenzenu wanaoandika kwa lugha ya Go walipewa chombo kingine mwaka 2023, kiitwacho deadcode. Hicho kinaanzia langoni, pale programu inapoanza, kinafuata kila njia hadi mwisho wake, na kisichofikika kinatajwa. Ni chombo kizuri zaidi kwa jambo hilo. Lakini lugha yenu ni Python, na Python humruhusu mtu kutengeneza jina safarini, na huo ndio upande wa pili wa upofu.

Tazama ukurasa wako wa 4. Chombo kimesema kata_sacco haitumiki. Nenda kwenye ile faili inayozungusha makato. Utaona mahali msimbo unapochukua neno "kata_", unaliunganisha na kifupi kilichoandikwa kwenye jedwali la hifadhidata, kisha unaita jina linalopatikana. Hakuna mstari hata mmoja unaoiita kata_sacco kwa jina lake kamili. Lakini kila tarehe 28 inaitwa mara mia tatu na zaidi, mara moja kwa kila mfanyakazi mwenye mkopo. Ungeifuta Jumatatu, na mwisho wa mwezi Sacco ya watu isingepata senti.

Chombo chenyewe kilikuonya. Pembeni mwa kila jina kimeandika asilimia. Mistari iliyo chini ya amri ya kurudisha jibu, ambayo haiwezi kufikiwa kwa namna yoyote, imepewa 100. Moduli zilizoingizwa na hazikutajwa tena zimepewa 90. Fanksheni, klasi na vigeu vimepewa 60 tu. Hiyo 60 maana yake ni "nimeangalia, sikuona mwitaji, sasa angalia wewe." Usidhani watatengeneza kingine siku moja kisichohitaji macho yako. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna utaratibu wa hesabu unaoweza kutazama programu yoyote ile na kusema bila kukosea kama itafika mwisho wake au itazunguka milele. Kwa hoja hiyo hiyo, hakuna chombo kitakachojua daima kama mstari fulani utafikiwa siku moja.

Sasa nimgeukie huyo mwenzako anayesema haisumbui mtu, maana kosa lake nalijua zaidi. Ndilo nililoishi nalo muda mrefu.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria mpya ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Tulikuwa tunakata shilingi 200 kwa kila mtu, na sheria mpya ilitaka asilimia 6 ya mshahara, kwa ngazi mbili, ya kwanza hadi 6,000 na ya pili hadi 18,000. Ilikuwa ianze Januari 2014. Niliandika fanksheni hiyo usiku mbili mfululizo, na niliipenda. Kabla haijafanya kazi hata mwezi mmoja, kesi ikaenda mahakamani na sheria ikasimama. Bosi akaniambia turudi kwenye 200. Nilirudi, lakini yangu sikuifuta. Nilisema moyoni, kesi itaisha, itahitajika.

Kesi ilichukua miaka 9. Tarehe 3 Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaamua, na ghafla kila mwajiri nchini akatakiwa kukata kwa viwango vipya, na vya mwaka wa kwanza vilikuwa vile vile, 6,000 na 18,000. Mpwa wangu, nilifurahi kama mtu aliyeweka akiba. Nikaiunganisha fanksheni yangu jioni moja, nikaenda nyumbani.

Ambacho sikukumbuka ni kwamba katika miaka hiyo nyumba ilikuwa imebadilika kuizunguka. Mwaka 2014 safu ya "mshahara" ilibeba mshahara wa mwezi kwa kila mtu. Baadaye tulipoanza kuwaingiza vibarua, safu hiyo hiyo ikabeba malipo yao ya siku. Fanksheni zilizokuwa kazini zilirekebishwa zote, kwa sababu zilipokosea watu walilalamika. Yangu ilikuwa imelala, haikulalamikiwa na mtu. Basi kibarua wa shilingi 700 kwa siku, aliyefanya siku 26, alikatwa shilingi 42 badala ya 1,080. Tuligundua wakati pesa zimekwisha kupelekwa. Machi akakatwa za mwezi huo pamoja na deni la Februari, shilingi 2,118 kwa mpigo. Baadhi yao wanakaa Kayole na Mihango, nawajua kwa majina. Mmoja alinisubiri nje ya lango la kazi akaniuliza kwa upole kabisa kama kampuni ilikuwa inamwadhibu kwa jambo fulani. Sikuwa na jibu ambalo lingemsaidia siku hiyo.

Ndiyo maana nasema msimbo usioendeshwa huoza, hata kama herufi zake hazijaguswa. Kinachooza ni ukweli uliouzunguka.

Na kuna dhara lingine, dogo kwa kulitazama, ambalo naliona kuwa baya zaidi kwa sababu hutokea kila wiki. Msimbo uliokufa humdanganya msomaji. Oktoba 2024, wakati jedwali la bima ya afya ya NHIF la shilingi 150 hadi 1,700 lilipoondoka na SHIF ya asilimia 2.75 kuingia, binti mmoja mwangalifu sana alipewa kazi ya kubadilisha. Akaikuta fanksheni ya makato ya afya, akaibadilisha vizuri, akaendesha majaribio, yote yakapita. Mshahara ulipotoka, mtu wa shilingi 20,000 alikuwa amekatwa 750 za zamani badala ya 550. Kulikuwa na fanksheni mbili. Aliyoibadilisha ilikuwa imekufa tangu tulipohamisha faili, na yaliyokuwa yakiiita ni majaribio peke yake. Binti yule alilia chooni. Shilingi 200 ni nauli na mboga ya jioni, na makosa hayakuwa yake. Yalikuwa ya sisi wazee tuliomwachia milango miwili inayofanana.

Ikiwa mifano ya Eastlands inaonekana midogo, msomee huyo mwenzako habari za Knight Capital ya Marekani. Walikuwa na msimbo wa kununua na kuuza hisa uitwao Power Peg. Waliacha kuutumia mwaka 2003 na hawakuuondoa. Mwaka 2012 wakaandika msimbo mpya, na ili kuuwasha wakatumia swichi ile ile iliyokuwa ya Power Peg. Seva zilikuwa 8. Fundi alipeleka msimbo mpya kwenye 7, akaisahau moja. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 soko lilipofunguliwa, seva ile ya nane ikawasha kilichokuwa kimelala miaka 9 na kuanza kununua na kuuza bila kukoma. Kwa dakika 45 walipoteza zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata kampuni ikachukuliwa na wengine.

Najua sasa mkono wako unawasha, unataka kufuta. Ngoja kwanza.

Miaka ya nyuma, kabla hujaenda shule, nilihudumia mahesabu ya Sacco moja ya wafanyakazi. Nilikuwa na bidii kama yako. Nilipita faili zote nikitafuta majina yasiyoitwa, kwa macho, maana hatukuwa na chombo. Nikakuta utaratibu mrefu, mbaya wa kusoma, ambao hapana kitu kilichouita. Nikaufuta. Miezi ikapita kwa amani. Kumbe ulikuwa unaitwa mara moja kwa mwaka, na mhasibu, kwa amri aliyoihifadhi kwenye kompyuta yake mwenyewe, kugawa faida kwa wanachama baada ya mkutano mkuu. Nakala ya zamani ilikuwa kwenye diski iliyokuwa imeshaandikwa mengine juu yake. Ilinichukua wiki 3 kuuandika upya kutoka kwenye vitabu vya miaka iliyotangulia. Mama mmoja wa Maringo alikuwa ameziweka pesa hizo kwenye hesabu ya karo ya kidato cha kwanza.

Sikuwa nimemuuliza mhasibu. Ofisi yake ilikuwa hatua kumi kutoka meza yangu.

Unakumbuka tulipoongeza vyumba hapa nyumbani? Nyumba hizi za Buruburu zilijengwa kwa awamu 5, kuanzia 1973, na tangu hapo kila mwenye nyumba ameongeza lake, kwa hiyo hakuna ramani inayosema kweli tena. Fundi kutoka Kariobangi alikuta bomba chini ya sakafu ambalo halikuonekana kwenda popote. Kijana wake alikwisha kushika msumeno. Yule fundi akamzuia, akafunga koki tu, akaniambia tungoje tusikie nani atalia. Nikamwambia siku mbili zinatosha. Akaniuliza, "Mzee, maji huku yanakuja siku gani?" Yalikuwa yanakuja kwa zamu, siku fulani za wiki. Akasema basi tutangoja zamu yote iishe. Siku ya sita jirani wa nyuma akaja na ndoo tupu mkononi.

Huo ndio utaratibu ninaokutaka uufuate, na sijaona bora kuliko huo. Kwa kila jina la asilimia 60, tafuta kwanza kwa maandishi, si ndani ya Python peke yake. Tafuta kwenye majedwali ya hifadhidata, kwenye ile ratiba ya seva inayoamsha kazi za usiku, kwenye faili za mipangilio, kwenye msimbo wa ile programu ya menyu ya simu ambayo wafanyakazi wanaombea advansi. Usipoona, funga koki, yaani weka mstari mmoja mwanzoni mwa fanksheni unaoandika kwenye kumbukumbu za seva kila inapoguswa, uiache. Na ungoje zamu iishe. Kwa mishahara, zamu si mwezi, ni mwaka. Zile kadi za P9 ambazo watu wanazihitaji kuwasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni hutengenezwa mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka. Ukipima kati ya Aprili na Novemba, kila kinachozihusu kitaonekana kimekufa.

Kisha uliza watu. Mhasibu, yule mama wa rasilimali watu, hata karani anayepokea malalamiko dirishani. Chombo chako kinawajua wanaoita kutoka ndani ya faili. Hawa wanaoita kutoka nje ya faili hakiwaoni, na ndio wenye programu.

Kuna jambo moja ambalo vijana huniuliza hapo, nami nakiri ni gumu. Je, jedwali la NHIF ni maiti au limelala? Hakuna mshahara mpya utakaolitumia tena. Lakini mtu akishinda kesi ya malimbikizo ya mshahara wa Agosti 2024, makato ya mwezi huo ni ya NHIF, na sheria ya kodi inatutaka tutunze kumbukumbu miaka 5. Vivyo hivyo, VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020 na kurudi 16 Januari 2021, na hata baadaye kulikuwa na ankara za miezi ile za kusahihisha. Tozo ya nyumba ndiyo iliyotufundisha zaidi. Ilianza Julai 2023, Mahakama Kuu ikaiona inakiuka Katiba mwezi Novemba, ikasimama Januari 2024, ikarudishwa na sheria mpya mwezi Machi. Kuna mwenzetu aliyeifuta na kuiandika upya ndani ya wiki nane, na mwingine aliyeizungushia masharti hadi haisomeki.

Mimi nadhani wote wawili waliumia kwa sababu viwango vilikaa mahali pasipo pake. Kiwango ni habari, si msimbo. Kiweke kwenye jedwali pamoja na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na uwe na fanksheni moja tu inayouliza: mwezi huu, kiwango kilikuwa kipi? Ukifanya hivyo, serikali ikibadilisha mawazo unaongeza mstari mmoja kwenye jedwali, na hakuna kinachokufa ndani ya msimbo wako. Hili nililiona nikiwa nimekaribia kustaafu. Wewe lione sasa.

Kwenye kufuta kwenyewe nina machache. Anza na za asilimia 100, halafu 90. Futa kidogo kidogo, kila kufuta kuhifadhiwe peke yake kwenye Git, hazina ya matoleo ya msimbo, pamoja na sentensi moja inayosema ulihakikishaje, ili ikibidi kurudisha urudishe kimoja bila kuvuruga vingine. Ukimaliza kundi moja, endesha chombo tena, kwa kuwa fanksheni iliyokuwa ikiitwa na marehemu peke yake itajitokeza sasa. Kiendeshe pia bila folda ya majaribio, utaona zile zinazoishi kwa ajili ya kujaribiwa tu, kama ile iliyomliza binti wa watu. Zile ulizothibitisha kuwa hai, kama kata_sacco, ziweke kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, na pembeni mwa kila moja uandike nani anaiita na kutoka wapi. Orodha hiyo itakuwa na thamani kuliko maelezo yote niliyokuachia mimi.

Na tafadhali, usiweke alama ya reli (#) mbele ya mistari ili kuizima na kuiacha pale ukisema utairudia. Nimeona kurasa nzima za namna hiyo, zenye tarehe za mwaka 2011. Mimi wa enzi za diski nilikuwa na sababu ya kuogopa. Wewe una Git, ambayo Linus Torvalds aliitoa mwaka 2005, na haisahau ulichokihifadhi humo. Kinachofutwa leo unaweza kukisoma kesho asubuhi, kikiwa na jina la aliyekiandika na siku aliyokiandika.

Hapo nafika kwenye ukurasa wako wa 7. Umezungushia duara fanksheni yenye herufi za jina langu, ile ya NSSF ya mwaka 2014, na ukaandika alama ya kuuliza kwa penseli nyepesi. Nimeelewa. Umeona haya kuifuta ya mjomba. Baada ya lile la Machi 2023 tuliandika nyingine safi, na yangu imebaki pale kwa sababu kila aliyepita aliona haya kama wewe. Mimi mwenyewe nilipita mbele yake mwaka mzima kabla ya kustaafu, na sikuigusa. Hakuna anayeiita, si kutoka ndani wala kutoka nje, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikijua milango yake yote, na nimeihesabu tena jana usiku kwenye karatasi zako.

Jumamosi panda 58 uje na kompyuta. Mkeka wangu uko chini ya mwembe, na chai itakuwepo. Tutaanza na hizo 9 za asilimia mia, na ukishazizoea, ufungue ukurasa wa 7, nami nitakuwa nimeketi kando yako.